Muuguzi Akihamishwa, Wazo Lake Libaki

Ndugu Waganga Wafawidhi, wauguzi, mafundi wa vifaa tiba, walimu na wanafunzi, mwagonile. Na wenzetu mliotoka Iringa, Njombe na Makete, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulea ubunifu wa tiba ukiwa bado mchanga, ule unaozaliwa ndani ya hospitali zetu wenyewe. Nitaanzia kwenye stendi ya dripu.

Katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini niliyowahi kufanyia kazi, muuguzi wa wodi ya watoto aliona hatari ambayo sisi wengine tulikuwa tunaipita kila siku. Stoo ilikuwa inaleta mipira ya dripu ya aina mbili: mmoja matone 20 yanafanya mililita moja, mwingine matone 60. Mtoto akiandikiwa mililita 15 kwa saa, kwenye mpira wa matone 60 unahesabu matone 15 kwa dakika. Kwenye mpira wa matone 20 unahesabu matano tu. Sasa mfikirie muuguzi wa zamu ya usiku, yuko peke yake, wodi imejaa, amezoea kuhesabu 15, na mpira aliofungiwa mtoto ni ule wa 20. Mtoto ataingiziwa mililita 45 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa. Kama ana utapiamlo mkali, maji hayo yanaweza kumuua.

Dada yule alinunua utepe wa rangi mbili kwa pesa yake. Mwekundu akaufunga kwenye stendi yenye mpira wa 20, wa bluu kwenye stendi yenye mpira wa 60. Akaandika kwa mkono kadi yenye jedwali la matone, akaizungushia seloteipu isilowe, akaining'iniza pale pale anapotazama mtu anayehesabu. Wenzake wakaipenda. Halafu ikaja barua ya uhamisho. Alipoondoka kadi zikachakaa, utepe ukaisha, na hapakuwa na hata ukurasa mmoja ulioandikwa kueleza alichofanya, wala hesabu ya kuonyesha kama makosa yalipungua. Linaniuma mpaka leo, maana hakuna aliyemkatalia. Wazo lilikosa tu pa kukaa.

Tukizungumzia kusaidia wabunifu, mara moja tunataja tuzo na wafadhili. Ninayaheshimu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, na nawahimiza vijana wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, waendelee kushiriki. Lakini mashindano yanamtaka mtu ambaye tayari ana kitu cha kuweka mezani. Mimi ninasemea miezi ya kabla ya hapo, wakati wazo bado ni utepe na kadi. Miezi hiyo hakuna mfadhili anayeiona. Anayeiona ni hospitali yenyewe, na kwa hiyo mlezi wa kwanza ni hospitali.

Tazameni Dhaka, Bangladesh. Profesa Sayeba Akhter, daktari wa akina mama, alikuwa anaona wanawake wakifa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, huku baluni maalumu ya kuzuia damu ndani ya mfuko wa uzazi ikiwa ghali mno kwa hospitali yake. Akachukua kondomu, akaifunga kwenye mpira wa mkojo, akaiingiza ndani ya mfuko wa uzazi na kuijaza maji ya dripu. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 23. Wote damu ilikata ndani ya dakika 15. Wanawake 23, ndugu zangu. Vifaa vyote alivyotumia vimo stoo zetu hivi sasa. Lakini Akhter alikuwa profesa. Alikuwa na sauti wodini kwake, alijua kuandika utafiti, na alikuwa na wenzake wa kuhesabu naye. Muuguzi wa dripu alikuwa na jicho kali kama la profesa, hakuwa na hayo mengine. Hayo mengine ndiyo hospitali inapaswa kumwazima.

Sisemi kila kinachobuniwa wodini ni kizuri. Mnaotoka Makete na Njombe mnajua baridi ya Juni na Julai inavyomfanya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Wapo wanaojaza maji ya moto kwenye glovu na kuilaza ubavuni mwa kichanga. Nia ni njema, ila ngozi ya kichanga inaungua upesi, glovu inaweza kupasuka, na maji yakishapoa mtoto amelala na kitu cha baridi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, madaktari waliokuwa na uhaba wa mashine za joto walianza kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Huo nao ulikuwa ubunifu wa wodini, uliotokana na uhaba uleule. Tofauti ni kwamba ulipimwa, ukapimwa tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba ukianza njia hii ya ngozi kwa ngozi, inayoitwa kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya watoto wenye uzito mdogo sana vinapungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Kwa hiyo kulea wazo ni pamoja na kulizuia mapema likiwa na madhara, na mwenye wazo aelezwe sababu kwa heshima, ili siku akiona jambo lingine asinyamaze.

Na hapa Mbeya hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya kwanza nchini kujaribu 5S, utaratibu wa hatua tano wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, uliotoka viwanda vya Japani ukapitia hospitali ya wazazi ya Castle Street nchini Sri Lanka. Leo mabango ya Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia yamo hospitali nyingi za nchi hii, na wodi zina timu zake za uboreshaji wa huduma. Timu hizo zipo tayari. Tuzipe daftari la mawazo, likabidhiwe kila zamu pamoja na ripoti, liandike nani ameona nini na tarehe gani. Jina la muuguzi likiwa mle, hata mgeni akija akalipenda wazo, mwenyewe anajulikana. Na siku likifika mahali pa kuombewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa msajili BRELA, ushahidi upo.

Kisha rosta. Aliyekubaliwa wazo lake apewe nusu siku kwa wiki ya kulifanyia kazi, na nafasi yake wodini izibwe na mtu. Bila kuzibwa, nusu siku hiyo ni maneno. Fundi wa vifaa tiba akae naye, na kikimshinda kitu aende karakana za MUST, za SIDO wanaohudumia viwanda vidogo, au za vyuo vya ufundi vya VETA. Kabla ya kumgusa mgonjwa, wazo lipite kamati ya maadili ya utafiti, na wataalamu wa NIMR Mbeya, taasisi ya utafiti wa tiba, waombwe wamfundishe namna ya kuhesabu kabla na baada. Kikiwa ni kifaa cha kusambazwa, kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lakini huko ni mbele sana na tusimtishe mtu napo siku ya kwanza.

Waganga Wafawidhi, haya yanahitaji kasma yake, yaani fungu lake la fedha, kwenye mpango wa mwaka wa hospitali, hata ikiwa ndogo, kutoka makusanyo ya ndani. Nawaomba muiandike katika bajeti ijayo, kwa jina lake, isijifiche chini ya matumizi mengineyo.

Nimemaliza upande wangu. Tuingie kwenye maswali, na wauguzi wanaoingia zamu ya usiku wapewe kipaza sauti kwanza.