Ukata Uliochora Reli: Njia ya West Highland huko Uskoti

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Anayepanda treni kutoka Glasgow kwenda Fort William, kisha Mallaig, huambiwa kwamba anapita kwenye mojawapo ya reli zenye mandhari ya kuvutia kuliko zote duniani. Sibishi. Ila hakuna mhandisi aliyelipwa kutafuta mandhari pale. Reli ile imepinda ilivyopinda kwa sababu ya ukata. Kampuni zenye fedha zilitoboa milima. Hii ililazimika kuizunguka, na abiria akapata cha kutazama. Leo tuifuate njia hii tukiwa na daftari la mhasibu mkono mmoja na rula ya fundi mkono mwingine.

Tuanzie mahali ambapo hesabu inaonekana kwa macho. Ukishapita stesheni ya Upper Tyndrum, reli inakwenda kaskazini kuelekea Bridge of Orchy, imeng'ang'ania ubavu wa mlima. Mara upande wa kulia linafunguka bonde. Kulivuka kwa mstari ulionyooka kungetaka daraja refu na la juu sana, na mkono mtupu haulambwi. Basi reli ikaingia bondeni, ikavuka kwa madaraja mawili ya kiasi, ikageuka na kutokea ng'ambo chini ya mlima Beinn Dorain, umbo la kiatu cha farasi. Abiria wa upande wa kushoto anaiona, ng'ambo ya bonde, reli ileile atakayoikanyaga dakika chache baadaye. Watalii hupiga picha hapo kwa fujo. Wanachopiga picha ni akiba ya fedha.

Sasa Rannoch, kwenye kiini cha mhadhara huu. Rannoch Moor ni uwanda mpana, umejaa vidimbwi na udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu, uliolowa maji kama sifongo. Waingereza huuita piti. Januari 1889 wanaume 7, miongoni mwao wahandisi na mkandarasi Robert McAlpine, walijaribu kuuvuka kwa miguu ili waione njia kabla ya ujenzi. Walikwenda wamevaa kama watu wa ofisini, katikati ya baridi kali, giza likawakuta humohumo, na nusura wafe. Ujenzi ulianza mwaka huohuo, chini ya wakandarasi Lucas na Aird.

Piti haina mwamba wa karibu wa kusimamishia kitu. Ukimwaga kifusi, kinazama. Ukimwaga kingine, nacho kinazama. Njia waliyoifuata ni kuiacha reli ielee juu ya piti. Kwanza walichimba mitaro ya kutoa maji. Juu ya uso wa piti wakatandika mkeka mnene wa matawi, vichaka na mizizi ya miti. Juu ya mkeka wakamwaga maelfu ya tani za udongo na majivu, ndipo wakapanga mataruma na reli. Mkeka haubebi uzito wa treni peke yake. Kazi yake ni kuutawanya, ili kila mita ya mraba ya piti ibebe kidogo tu, kama mtu anayevuka tope kwa kulaza ubao. Mtu atauliza: matawi yale si yangeoza zamani? Ndani ya piti iliyojaa maji hewa haipenyi, na bila hewa vijidudu vya kuozesha mbao havifanyi kazi. Mti huweza kukaa humo karne nyingi ukiwa mti.

Matengenezo ya reli ya namna hii yana mtego wake. Mahali pakititia, mkono wa fundi unakimbilia kuongeza kokoto ili reli irudi kwenye kimo chake. Kokoto ni uzito, na uzito unatitisha zaidi. Mwakani atarudi palepale na kokoto nyingi zaidi. Kuchimba mitaro mirefu kupita kiasi nako kuna madhara, maana piti ikikauka husinyaa, na reli hushuka nayo kwa vipande visivyolingana.

Huko Rannoch ndiko mfuko ulikotoboka. Mkurugenzi mmoja, James Renton, alitoa sehemu ya mali yake mwenyewe kazi isisimame. Vibarua wakamchonga kichwa kwenye jiwe kubwa, na jiwe hilo lipo hadi leo mwisho wa jukwaa la stesheni ya Rannoch. Stesheni inayofuata, Corrour, iko mita 408 juu ya usawa wa bahari na haifikiwi na barabara ya umma. Njia ilifunguliwa hadi Fort William Agosti 1894.

Kipande cha Fort William hadi Mallaig kilikuja na hadithi nyingine ya fedha. Kilitakiwa kufikisha samaki sokoni kutoka pwani ya magharibi, lakini hakuna mwekezaji aliyeamini kingelipa. Baada ya mabishano makali bungeni, mwaka 1896 serikali ilikubali kuwadhaminia wanahisa faida ya asilimia 3 kwa pauni 260,000 za mtaji. Kazi akapewa McAlpine, yuleyule aliyenusurika Rannoch.

Mawe ya eneo hilo ni magumu mno kuchongwa, na mafundi wa kuyachonga wangekula bajeti yote. McAlpine akaamua kutumia zege, tena zege tupu lisilo na nondo. Daraja la Glenfinnan lina matao 21, kila tao upana wa mita 15, urefu wote mita 380, na mahali pa juu kabisa ni mita 30 kutoka chini. Inawezekanaje bila nondo? Zege ni hodari likigandamizwa na dhaifu likivutwa. Tao huelekeza uzito chini na pembeni hadi kwenye nguzo, hivyo karibu kila sehemu yake inagandamizwa tu. Kona nayo ni kali, nusu kipenyo chake mita 240 hivi, kwa sababu daraja lilifuata umbo la bonde badala ya kulikata. Ndiyo maana abiria wa mabehewa ya nyuma anamwona kichwa cha treni akiwa bado darajani.

Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba farasi na mkokoteni wake walitumbukia ndani ya nguzo ya Glenfinnan wakati wa ujenzi. Uchunguzi wa kamera mwaka 1987 haukukuta kitu. Mwaka 2001 mitambo ya rada iliwaonyesha wote wawili, ila ndani ya nguzo ya daraja la Loch nan Uamh, mbele zaidi. Hadithi ilikuwa ya kweli, anwani ndiyo ilikosewa.

Njia ya Mallaig ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1901, na dereva ndiye anayelipa gharama ya ubahili ule mpaka leo. Kuna mipando ya 1 kwa 50, yaani kila mita 50 mbele reli inapanda mita 1. Treni ya tani 300, pamoja na kichwa chake, inavutwa kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani 6. Chukueni kichwa cha mvuke chenye tani 54 juu ya magurudumu yanayosukuma. Reli ikiwa kavu, mshiko wa chuma kwa chuma unaweza kufika robo ya uzito huo, tani 13 na zaidi, hakuna shida. Reli ikilowa na kupakwa majani ya vuli yaliyosagika, mshiko hushuka hadi sehemu moja ya ishirini, tani 2.7. Magurudumu yanazunguka bure, treni inasimama.

Dawa ni mchanga mkavu unaomwagwa na bomba mbele ya gurudumu. Kuna namna ya kuutumia. Dereva mzoefu huufungua kabla ya sehemu mbaya. Gurudumu likishaanza kuteleza, kwanza apunguze mvuke litulie, ndipo amwage. Akimwaga wakati linazunguka kwa kasi, linanasa ghafla na mtikisiko unaweza kupinda mikono ya chuma inayoliendesha. Mchanga uliopata unyevu huganda bombani, na hilo hugundulika mlimani, pasipo msaada.

Kwenye tawi la Oban, linaloachana na njia hii Crianlarich, katika Pass of Brander, kuna jambo linalostahili kutajwa: tangu miaka ya 1880 nyaya zimetandazwa kando ya mlima, na jiwe likianguka na kukata waya, ishara za karibu hugeuka zenyewe kuwa za hatari. Hazioni jiwe linaloanzia chini ya nyaya, na mwaka 2010 treni iliacha reli hapo baada ya kugonga jiwe.

Sasa la mwisho, kwa mnaopanga safari. Treni nyingi hugawanyika Crianlarich, mabehewa mengine yakaenda Oban, kwa hiyo soma kibao cha behewa kabla ya kukaa. Kutoka Glasgow, ziwa la Loch Lomond liko kulia, lakini Loch Long, mkono wa bahari, na kile kiatu cha farasi viko kushoto, ningechagua kushoto. Halafu kumbuka kwamba Fort William ni stesheni ya kufika mwisho na kurudi. Treni ya Mallaig hutoka ikielekea ilikotokea, na kiti chako cha kushoto kinakuwa cha kulia bila wewe kusogea. Glenfinnan nayo hutazamwa vizuri kutoka kushoto. Zile dakika chache treni inaposimama Fort William, wakati wengine wanatafuta chai, hamia upande wa pili.