Tsoodził, mlima wa Wanavajo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Leo nipo hapa Albuquerque, New Mexico, na kamera nimeielekeza magharibi makusudi. Mnauona ule mlima, pale jua linapozama? Uko kama kilomita 100 kutoka nilipo, ila hewa ya huku ni kavu mno, utadhani uko mtaa wa pili.

Ramani inauita Mount Taylor, mita 3,445, volkano iliyozimika zamani. Jina hilo ulibandikwa mwaka 1849 na ofisa wa jeshi, kwa heshima ya rais wa wakati ule, Zachary Taylor. Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, wanauita Tsoodził. Nchi yao imezungukwa na milima minne mitakatifu, na huu ndio wa kusini. Umevikwa feruzi, kile kito cha buluu, na masimulizi yao yanasema ulipigiliwa ardhini kwa kisu cha jiwe.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga Wanavajo kwa miguu, vikongwe na watoto humo humo, zaidi ya kilomita 400 hadi Bosque Redondo, kambi ya kuwazuilia mashariki mwa New Mexico. Nyuma yao mashamba yalichomwa, hata mipichi yao ikakatwa. Kule maji yalikuwa ya chumvi, mahindi yakaliwa na wadudu, na wengi walizikwa huko huko. Juni 1868 ndipo mkataba ukawaruhusu kurudi. Walipofika hapa Albuquerque wakakiona kilele kile. Kiongozi wao Manuelito alisimulia baadaye kwamba walijiuliza kama kweli ni mlima wao, wakatamani kuzungumza na ardhi kwa jinsi walivyoipenda. Na baadhi ya wazee walilia kwa furaha walipofika makwao.

Na bado wanaupigania. Ubavuni mwake kuna urani, madini ya nyuklia, na wachimbaji wanaitaka. Wanavajo wakaungana na makabila mengine ya asili, yaani Wahopi na watu wa Acoma, Laguna na Zuni, na mwaka 2009 jimbo likauorodhesha mlima kuwa urithi wa kulindwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2014 ikaukubali ulinzi huo kwa sehemu kubwa. Nilifurahi kama vile kesi ni ya kwetu.

Mimi mtoto wa Moshi. Mnajua ukipanda basi kutoka Dar, mawingu yakipasuka Kibo ikachungulia, moyo unavyofanya. Usiku niliosoma habari za Manuelito nilimpigia mama, kule kumeshapambazuka, nikamuuliza: mama, mlima umefunguka leo?