Usinunue sensa kabla hujachomoa waya

Haya tuanze, na wale mlionisikia siku zingine mnivumilie maana leo naanza palepale. Geji ya temperecha, ile ya dashibodi inayoonyesha joto la injini, ikianza kusema mambo ya ajabu kwenye gari ya zamani, swali la kwanza sio "sensa inauzwa wapi", yaani kile kidude kwenye injini kinachopima joto la maji na kuiambia geji. Swali la kwanza ni injini imechemsha kweli au geji inadanganya? Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Najua kuna mtu keshasema moyoni, aa mbona rahisi, mshale ukiwa juu imechemsha, ukiwa chini iko salama. Hapana bwana. Maji yakipungua sana, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, haiguswi tena na maji, mshale unashuka zake chini huku silinda hedi inaiva. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla wakati gari inapanda mlima usifurahi, simama pembeni. Na maji yanaangaliwa injini ikiwa imepoa, tafadhali sana. Mfuniko wa rejeta unashikilia presha, na chini ya presha maji yanapita digrii 100 bila kutokota, sasa ukifungua presha inatoka yote kwa mara moja, maji yanatokota palepale na kukurukia usoni. Hili sirudii.

Sasa tuseme maji yapo, feni inakuja na kukata kama kawaida, hakuna harufu, mpira wa juu wa rejeta una joto lake la siku zote, lakini mshale umelala kwenye nyekundu. Hapo ndio tunaishuku geji. Na hapa ndipo mafundi wengi wananikera, maana wanakimbilia sensa kana kwamba iko peke yake. Umeme unatoka kwenye swichi, unapita fyuzi, unaingia kwenye geji, unashuka na waya mpaka kwenye sensa, unapita ndani ya sensa, unaingia kwenye bodi ya injini kupitia hesi za sensa yenyewe (ile mistari ya kukazia kama ya skrubu), alafu unarudi betri kwa waya wa athi; athi ndio njia ya umeme kurudi. Sensa kazi yake ni kuubana huo umeme: ikiwa baridi inabana sana, ikipata moto inaachia, umeme ukizidi mshale unapanda. Basi, hakuna uchawi. Popote pakiharibika kwenye hiyo njia mshale utasema uongo, ila kesi anapewa sensa kwa sababu ndio ya bei rahisi na iko dukani.

Sasa pima. Tafuta sensa ya geji, kwenye gari nyingi za zamani iko karibu na nyumba ya themostati (kile kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) na ina waya mmoja tu. Ukiona yenye waya mbili subiri, mara nyingi hiyo ni ya kompyuta ya injini, usiichezee. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa ule waya mmoja. Kwenye gari nyingi mshale unatakiwa udondoke chini kabisa. Usipodondoka, ukabaki juu, sensa haina kosa, kuna mahali waya umechunika unagusa bodi. Umedondoka? Sasa gusisha kichwa cha waya kwenye chuma safi cha injini, mshale utaanza kupanda kuelekea nyekundu. Ukishaona unapanda toa mara moja, usiushikilie pale unapiga stori, utaunguza geji, na mwenye akili anaunga kibalbu kidogo katikati ili umeme usipite mwingi. Mshale ukipanda na kushuka vizuri, geji nzima, waya mzima, kosa liko kwenye sensa au athi yake. Ukigoma kupanda, sensa iache ilale, rudi nyuma kwenye waya, fyuzi na geji yenyewe. Kazi yote haifiki hata muda wa kwenda dukani.

Kuna jamaa mmoja, jina namhifadhia, alibadilisha sensa, mshale ukabaki juu, akabadilisha nyingine, akatoa themostati akaitupa, rejeta ikaoshwa, bado mshale juu. Nikamwambia washa taa kubwa. Akawasha, mshale ukaruka juu zaidi. Zima, ukashuka. Sasa niambieni nyinyi, tangu lini taa za mbele zinachemsha injini? Ilikuwa athi ya dashibodi, bolti moja nyuma ya klasta, kile kibao chenye geji, ina kutu. Tukaipiga msasa, tukaikaza, mshale ukarudi katikati. Na themostati yake keshaitupa! Huo ugonjwa wa kutoa themostati sijui nani aliuleta, injini inabaki baridi, inakunywa mafuta, alafu mtu anakuja analalamika geji haipandi. Haipandi kwa sababu inasema ukweli!

Na wewe unayefunga ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye hesi za sensa, nakuona. Nimesema athi inapita kwenye hesi. Ukiifungia tepu mshale utasoma chini, ndio hapo unasema sensa mpya ni feki.

Kuna anayetaka kuniuliza, mbona nimechomeka mashine ya kusoma kompyuta inasema 90 na geji inasema nyekundu? Vizuri sana, mashine inasoma ile sensa nyingine ya waya mbili. Kama zinapingana na maji yapo, anza kuishuku njia ya geji, umejirahisishia.

Dakika zinaniishia kwa hiyo haraka haraka. Geji ya mafuta na ya temperecha zikikosea kwa pamoja, kwenye gari nyingi za zamani zinalishwa na kijidude kimoja cha kutuliza volti, kikikosa athi zote zinapanda, kikikata zote zinalala, angalia hicho. Kupima sensa mkononi, itie kwenye sufuria ya maji, uiunge na mita ya omu, ile inayopima sensa inavyoubana umeme, maji yakipata moto namba ishuke polepole, ikirukaruka itupe. Kipima joto cha kumulika kinadanganywa na aluminiamu inayong'aa, bandika tepu nyeusi umulike hapo.

Na zile geji za kizamani kabisa zenye kijibomba chembamba kutoka injini mpaka dashibodi, hazina umeme, zinasukumwa na presha ya kimiminika kilichofungiwa ndani, haya ya waya yote hayazihusu. Kijibomba kikikatika hakuna kuunga kwa tepu, inabadilishwa nzima na bomba lake.