Mchanga Unaomba Njia

Mhadhara uliotolewa Tanga mjini mbele ya wanafunzi, wavuvi na wakazi wa pwani

Asalaam alaikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimekuja kuzungumzia ufuko wetu unavyoliwa na bahari, na nimebeba vifuko viwili vya mchanga na kioo cha kukuzia. Vipokezaneni huku nikizungumza. Cha kwanza nimekichota mlangoni mwa Mto Pangani. Kikagueni vizuri: mtaona punje zinazong'aa na nyingine nyeusi. Huo ni mwamba wa milimani, mto umeusaga na kuuteremsha hadi baharini. Cha pili kimetoka Maziwe, lile fungu la mchanga lililo baharini mbele ya Pangani, na humo mna vipande vyeupe, vingine vina matundu matundu. Hayo ni matumbawe, ni makombe yaliyovunjika. Wavuvi mnamjua pono. Huguguna mwamba wa matumbawe akitafuta mwani, na lile jiwe alilolimeza hulitoa likiwa mchanga. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Kwa hiyo ufuko una wazazi wawili, mto na mwamba, na nitawarudia baadaye, kwa maana wote wawili tumewatesa.

Kwanza bahari yenyewe. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kiasi cha sentimita 20. Hadi 1971 ulikuwa ukipanda milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 umefika milimita 3.7. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya Greenland, ya Antaktika na ya milimani inayeyuka. Mzee mmoja mvuvi aliwahi kuniuliza: mwanangu, sentimita 20 zina nini, na sisi siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi? Swali la haki kabisa. Nilimjibu hivi: bamvua hupanda juu ya msingi. Ukiinua msingi, bamvua la kawaida linafika pale ambapo zamani lilifika lile kubwa la mwaka tu, na linafika mara nyingi. Tena ufuko wetu umelala, haukusimama. Maji yakipanda kidogo kwenda juu, yanakuja hatua nyingi kwenda bara.

Mwaka 2020 watafiti walikadiria kwamba karibu nusu ya fukwe za mchanga duniani zinaweza kutoweka ifikapo 2100. Mwaka huohuo wataalamu wengine wakawapinga: ufuko haufi kwa sababu maji yamepanda, unarudi nyuma, mradi upate pa kurudi. Mimi niko na hao wa pili, na sikushawishiwa na karatasi. Nimeliona kwetu.

Mama yangu alikuwa na shamba la minazi kusini mwa Pangani, minazi 11 ikiwa mstari wa mbele. Kila upepo wa kusi ukivuma, bahari ilichukua mchanga mpaka unaona mwamba. Ukiingia upepo wa kaskazi, mchanga ulirudi. Mama alikuwa akisema bahari imekopa. Na alikuwa sahihi. Wimbi kubwa huchukua mchanga wa juu ya ufuko na kuuweka chini, mbele kidogo, na lile tuta la chini ya maji ndilo linalovunja mawimbi yanayofuata. Bahari ikitulia, mchanga unapanda tena. Ule mchanga mkavu wa juu, mnaouona kama umekaa bure, ndiyo akiba.

Kisha jirani mwenye hoteli akajenga ukuta wa mawe. Simlaumu kwa nia, alikuwa anaokoa mali yake. Lakini wimbi likipanda kwenye mchanga hunywewa, nguvu inakwisha. Likigonga ukuta hurudi na nguvu yake, linachimba mguuni. Mchanga uliokuwa nyuma ya ukuta haukuweza tena kutoka kusaidia. Na mwisho wa ukuta, pale ulipokatikia, ndipo palipoanza shamba la mama. Katika misimu michache nilikuta mnazi wa kwanza mizizi iko hewani, imening'inia kama makumbi yaliyofumuliwa, na chini yake shimo la kuingia mtoto. Ulianguka usiku wa bamvua. Mama hakulia, alikwenda akakaa juu ya gogo lake mpaka maji yakamfikia miguuni. Leo minazi ile yote 11 haipo.

Sisemi kuta zote zivunjwe. Pangani mjini pana nyumba za watu na majengo ya kale. Huwezi kuuambia mji mzima uhame. Vivyo hivyo Barabara ya Barack Obama kule Dar es Salaam, ambako ukuta ulikamilika 2018. Ila tujue tunachonunua: ukuta huokoa barabara, hauokoi ufuko. Kunduchi, hukohuko Dar es Salaam, hoteli ziliweka vizuizi vya mawe kwenda baharini ili kunasa mchanga unaosafiri. Waliopata walipata, na wa upande wa pili wakaliwa zaidi. Hoteli ya Africana ilibomolewa na mmomonyoko. Na huku watu walikuwa wakichimba mchanga kwenye vijito vinavyolisha pwani hiyohiyo!

Nilisema nitawarudia wazazi. Mto Pangani tumeuzuia kwa mabwawa: Hale tangu 1964, kisha Nyumba ya Mungu, na 1995 Pangani mpya. Umeme tunauhitaji, lakini mchanga hutuama nyuma ya bwawa. Na mwamba? Tanga tunajua uvuvi wa baruti umefanya nini. Kila mlipuko ulivunja kiwanda cha mchanga na kuua wafanyakazi wake, yaani pono.

Maziwe mnalijua kama fungu linalofunikwa maji yakijaa. Wazee waliopo hapa walikiona kisiwa, kina mivinje, kasa na ng'amba wakipanda kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Mivinje ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hakipo. Hadi leo kasa hupanda pale, na mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo, huku bara, yasizame. Fikirieni hilo: mnyama anarudi nyumbani, na nyumba ni maji.

Sasa tufanye nini? Sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hizo mita 60 msizione kama adhabu kwa mwenye kiwanja. Ndiyo njia ya mchanga. Ningependa kila mwenyekiti wa kijiji azijue kama anavyojua mpaka wa shamba lake. Pili, msiung'oe mlakasa, ule mmea unaotambaa ufukweni. Naona wafagiaji wa hoteli wanaung'oa ili ufuko uonekane safi, na majani ya bahari wanayachoma. Mlakasa hutambaa na kushika mchanga unaopeperuka, na majani yakifukiwa hujenga tuta. Bure kabisa, bila saruji.

Waholanzi mwaka 2011 walimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga mahali pamoja, wakaacha mawimbi na upepo visambaze. Hatuna fedha hizo. Lakini fikra yao tunaweza kuichukua: walikubali kwamba mchanga husafiri, wakaufanyia kazi badala ya kuufunga.

Jambo langu la mwisho ni la kazi. Bamvua lijalo, asubuhi maji yakiwa yametoka, nitakuwa Ushongo na vijana wanaotaka. Tutachagua mahali pasipohama, msingi wa nyumba au mti mkubwa, tutapiga alama ya rangi, na kutoka hapo tutapima hadi ukingo wa majani, kisha hadi alama ya maji makuu. Tutarudia kila mwisho wa kusi na kila mwisho wa kaskazi, na tarakimu zitaandikwa kwenye daftari litakalokaa ofisi ya kijiji. Rangi ninayo. Mwenye kamba ya mita 30 aje nayo.