Siku Nne Venice: Jibu kwa Mnaoniuliza Hela Zilitoka Wapi

Assalamu alaikum, ndugu zangu mnaonitazama kutoka Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa na kwengineko. Tangu nilipoweka picha za safari yetu ya Venice, Italia, swali limekuwa lile lile kila ninapofungua simu: nyinyi wawili mlitumia kiasi gani, na hela hizo mlizipata wapi? Wapo walioniuliza kwa wema, na wapo walioandika kwamba ninajionesha. Nilipozungumzia vibali vya ukaazi miezi michache iliyopita, baadhi ya hao hao waliniambia kwamba ninalalamika na kwamba nirudi nyumbani kama Ulaya imenishinda. Kwa hiyo leo nitataja hesabu yenyewe, ili anayetaka kunihukumu anihukumu kwa kitu ninachokijua.

Mimi na mume wangu tulijiwekea yuro 70 kila mwezi kwa mwaka mzima, jumla yuro 840. Safari yenyewe ilitugharimu yuro 650 na ushee: tiketi za treni ya kwenda na kurudi kutoka Munich, huku Ujerumani tunakoishi, tulizozikata mapema kwa bei ya chini, zilikuwa yuro 160 kwa watu wawili, chumba cha usiku tatu kilikuwa 225, na zilizobaki ziliingia katika chakula, usafiri wa majini, kodi ya wageni na viingilio vichache. Yuro 190 zilizosalia hazikununua kitu chochote. Zilipotea kabla hatujaondoka, na habari yake nitaieleza kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi katika safari yote.

Tulikuwa tumepanga kwenda mwezi wa Juni. Kadi ya ukaazi ya mume wangu ilikuwa inakaribia kwisha muda wake, na maombi ya kuirefusha tulikwisha kuyapeleka mapema, pamoja na mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba na vithibitisho vya mishahara. Tukasubiri miadi. Ilipofika siku ya miadi, akaambiwa kwamba picha zake za karatasi hazipokelewi, kwa kuwa tangu Mei 2025 Ujerumani inataka picha iliyopigwa na kutumwa kwa njia ya kidijitali, ingawa barua waliyotuandikia haikulitaja jambo hilo hata kwa neno moja. Miadi iliyofuata ikawa baada ya wiki tisa. Mtu mwenye kadi halali ya ukaazi ya nchi moja ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, pamoja na pasipoti halali, anaweza kutembelea nchi nyingine za eneo hilo hadi siku 90 katika kila siku 180, bila ya viza nyingine. Lakini kadi ikishakwisha muda, sikuwa tayari kumpandisha mume wangu treni inayovuka mipaka miwili kwa kutegemea ufafanuzi wa karatasi za muda. Hoteli ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu isiyorudishwa, na fedha zikaenda. Sisemi kwamba kila mtu anayeishi Ujerumani hupatwa na haya. Sisi yalitupata.

Jaribio la pili lilifanikiwa mwezi wa Septemba. Hatukulala ndani ya Venice kwenyewe bali Mestre, upande wa bara, ambako vyumba vilikuwa na bei tuliyoimudu, na kutoka hapo treni huvuka daraja refu la juu ya maji kwa muda wa dakika kumi hivi, kwa nauli isiyofika yuro mbili. Mestre iko ndani ya manispaa ya Venice, na hilo lina faida yake. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 mji huo umekuwa ukiwatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia katika siku zilizoteuliwa, na mwaka 2025 ada hiyo ilikuwa yuro 5 kwa aliyelipa mapema na yuro 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini katika manispaa hailipi, kwa sababu tayari analipa kodi ya wageni kwa kila usiku, lakini katika siku hizo za ada hutakiwa kujiandikisha mtandaoni na kubeba alama ya kuthibitisha kwamba amesamehewa. Siku zetu hazikuwamo katika orodha, na hata hivyo niliikagua mara tatu, kwa sababu maisha ya vibali yamenifundisha kutoiamini karatasi ambayo sijaisoma mwenyewe.

Sasa niingie katika lile ambalo picha hazikuwaonesha. Hatukuwa na haraka, na utulivu huo ndio uliotuokolea fedha. Tiketi moja ya basi la majini ilikuwa yuro 9.50 na hudumu dakika 75 tu, kwa hiyo anayetaka kuona kila kitu kwa siku moja atalipa kila anapogeuka. Sisi tulinunua tiketi ya saa 24, yuro 25 kwa kila mmoja, tukaitumia siku ya pili peke yake. Siku nyingine tatu tulitembea kwa miguu, mtaa mmoja kwa siku, tukapumzika tulipochoka. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe hapotei kwa hofu katika vichochoro vya Venice: anapotea kwa raha, kwa sababu anajua kwamba kichochoro kikimbana, mbele yake kuna uwazi, kisima cha zamani na watoto wanaocheza mpira.

Mume wangu alikaa muda mrefu mbele ya kanisa la Santa Maria della Salute, lililojengwa kutimiza nadhiri baada ya tauni ya mwaka 1630, na lililo kwenye mdomo wa Mfereji Mkuu. Kuingia hapo ni bure. Kilichomshika hakikuwa kuba lake bali msingi wake, kwa kuwa jengo lile zito la mawe limesimama juu ya nguzo za miti zilizokitwa kwenye matope, na zinazotajwa kuwa zaidi ya milioni moja. Miti hiyo haiozi upesi kwa sababu chini ya matope na maji hakuna hewa ya kutosha kuwalisha wadudu na kuvu. Yeye amekulia Malindi, Unguja, katika nyumba yenye dari za boriti za mikoko, ambamo upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Akaniambia kwamba kwetu mti hubeba dari na kwao mti hubeba mji mzima, kisha tukanyamaza tukitazama mashua za mizigo zikipita na matofali, masanduku ya vinywaji na mashine ya kufulia ya mtu.

Siku ya pili tulikwenda Murano. Tanuri za vioo zilihamishiwa kisiwa hicho mwaka 1291, na huko tulitazama fundi akivuta kioo cha moto kabla hakijaganda. Nililokuwa nikilitaka mimi lilikuwa ushanga. Katika karne ya 19 ushanga wa kioo wa Venice ulifika Zanzibar kwa majahazi na meli, ukafungwa katika mizigo ya misafara, ukaenda bara kununua chakula na ruhusa ya kupita, na pembe za ndovu ambazo kuzifikisha pwani kulikuwa na mateso ya watu wengi. Nilipoishika shanga moja nyekundu mkononi, sikuweza kuiona kama pambo tu. Nilinunua chache kwa yuro 12, kwa ajili ya mama yangu, na hiyo ndiyo zawadi pekee iliyotoka Venice.

Kuhusu gondola, zile mashua nyembamba za kasia, ninawajibu wale walioandika kwamba tulizipanda kila siku. Bei rasmi ya mchana ilikuwa yuro 90 kwa dakika 30, na hatukulipa. Tulivuka Mfereji Mkuu kwa gondola ya kuvushia watu, yuro 2 kwa kila mmoja, safari isiyozidi dakika chache, na ile picha mliyoiona ilipigwa humo. Ndugu yetu mmoja aliituma picha hiyo katika kundi la familia na kuandika kwamba nyumba ya bibi inavuja huku sisi tunastarehe juu ya maji. Fedha za mabati tulizituma mwezi mmoja kabla ya safari, na yeye ndiye aliyezipokea. Niliumia, na bado ninaumia, kwa sababu kila mwezi tunapotuma hakuna anayepiga picha ya risiti.

Wanaouliza kama nao waje, siwezi kuwashauri kwa jumla. Anayetoka nyumbani atalipa yuro 90 za maombi ya viza ya Schengen, zisizorudishwa hata akikataliwa, atahitaji bima isiyopungua yuro 30,000, na ataomba kwa nchi ambayo atakaa siku nyingi zaidi. Mwenye kazi, familia na akaunti tofauti na zangu atapata majibu tofauti na yangu. Mama yangu amepeleka maombi yake wiki iliyopita, na ushanga wake bado uko kwenye droo yangu, kwa sababu nimekataa kuutuma kwa posta mpaka pasipoti yake itakaporudi na jibu.