Siku 16 za Philadelphia: Hatua za Taifa Zinavyozuia Gonjwa Kusambaa

BARAKA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Baraka, na niko na dada Zuhura. Naanza na swali linaloulizwa kila janga likiingia. Barakoa haizuii kila kitu, kufunga shule hakuzuii kila kitu, na mipaka ikifungwa virusi bado vinapenya. Sasa kwa nini serikali zinatuhangaisha?

ZUHURA: Swali la haki kabisa, na jibu lake ni hesabu. Chukua ugonjwa ambao kila mgonjwa anaambukiza watu 3. Hao 3 wanaambukiza 9, wale 9 wanaambukiza 27. Ukifika mzunguko wa 10, mzunguko huo peke yake una wagonjwa 59,049.

BARAKA: Kutoka kwa mtu mmoja!

ZUHURA: Mmoja tu. Sasa weka hatua inayopunguza maambukizi kwa asilimia 30. Kutoka 3 tunashuka hadi 2.1, ugonjwa bado unapanda. Ongeza ya pili yenye nguvu hiyohiyo, 1.47. Ya tatu, karibu 1.03. Hapo ndipo watu hukata tamaa, wakasema tumefanya yote haya na wagonjwa hawapungui. Weka ya nne: 0.72. Ukishuka chini ya 1, kila mzunguko unakuwa na wagonjwa wachache kuliko uliotangulia, na mlipuko unafifia.

BARAKA: Kumbe tunakosea tunapoihukumu kila hatua peke yake.

ZUHURA: Tunakosea sana. Ila ugonjwa wenyewe nao una tabia yake. SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona uliolipuka mwaka 2003, ilidhibitiwa zaidi kwa kutenga wagonjwa na kuwafuatilia waliokutana nao, kwa sababu mtu alikuwa anaambukiza hasa baada ya kuugua. Korona inaambukiza hata kabla ya dalili. Ukisubiri homa ndipo umtenge mtu, umeshachelewa. Ndiyo maana hatua zilibidi ziwaguse na wazima.

BARAKA: Na kuchelewa kwenyewe kunagharimu kiasi gani?

ZUHURA: Twende Marekani, mwaka 1918, homa ya mafua. Jiji la Philadelphia liliripoti wagonjwa wa kwanza miongoni mwa raia Septemba 17. Tarehe 28 ikaruhusu gwaride lililokusanya watu wapatao 200,000. Hatua za kufunga zilikuja Oktoba 3, siku 16 baadaye. St. Louis, jiji jingine la Marekani, iliripoti wagonjwa wake wa kwanza miongoni mwa raia Oktoba 5, na Oktoba 7 ikafunga shule, makanisa na kumbi za burudani. Hatua hizo zikiwa bado zimewekwa, kilele cha vifo kwa wiki huko St. Louis, ukilinganisha na idadi ya wakazi, kilikuwa takriban moja ya nane ya kile cha Philadelphia.

BARAKA: Moja ya nane! Na hapo hakuna chanjo wala dawa.

ZUHURA: Hakuna. Na kumbuka hospitali. Wagonjwa walewale wakija kwa miezi mitatu, wauguzi wanamudu. Wakija kwa wiki mbili, anakufa hata aliyeletwa kwa ajali.

BARAKA: Turudi kwa mwananchi. Akiambiwa akae ndani na hana akiba, atatoka, na mimi siwezi kumlaumu.

ZUHURA: Wala mimi. Hapa ndipo serikali nyingi zinaponiudhi, zinatoa amri bila kuibeba. Korea Kusini ilipigwa na MERS, ugonjwa mwingine wa jamii ya korona, mwaka 2015, wagonjwa 186, ikabadilisha sheria na mfumo wake wa upimaji. Korona ilipoingia, vipimo viliidhinishwa mapema Februari 2020, na aliyewekwa karantini alipelekewa chakula na mahitaji nyumbani. New Zealand ilitangaza ruzuku ya mishahara siku chache kabla ya kufunga nchi mwishoni mwa Machi 2020. Ilipofika Juni 8 mwaka huohuo, haikuwa tena na mgonjwa hata mmoja anayejulikana.

BARAKA: New Zealand ni visiwa, lakini.

ZUHURA: Ni kweli, bahari iliisaidia kulinda mipaka. Ila maambukizi yalikuwa yameshaingia ndani, na bahari haiwezi kuyaondoa hayo.

BARAKA: La mwisho. Tunafungua lini?

ZUHURA: Polepole, hatua moja, kisha unasubiri. Anayepimwa leo aliambukizwa siku kadhaa zilizopita, kwa hiyo takwimu za leo zinakuonyesha ya nyuma. Ukifungua vitu vitano siku moja, wagonjwa wakipanda hujui ni kipi kimewapandisha.

BARAKA: Na waliofanya haraka?

ZUHURA: St. Louis hiyohiyo tuliyoisifu. Katikati ya Novemba 1918 ililegeza masharti, wagonjwa wakaongezeka, na kabla mwezi haujaisha ikafunga tena.