Kuku wa Klabu Ameanza Kuatamia

MWANAIDI: Karibuni jamani. Mtani wangu leo kaingia studio na unyoya mgongoni, na mimi nimeapa sitauliza.

MASANJA: Uliza tu. Juzi nilikwenda shuleni kwa mpwa wangu. Kidato cha tatu na cha nne wameanzisha klabu ya uwekezaji, wakaniita niwasaidie kuandika katiba.

MWANAIDI: Ndiyo mada yetu ya leo. Nina mambo matatu hapa: hisa, yaani kumiliki sehemu ya kampuni; vipande, yaani fungu lako kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja; na hatifungani, yaani kukopesha serikali au kampuni kwa riba.

MASANJA: Mimi hata hisa sikufika. Wana kuku.

MWANAIDI: Wana nini?

MASANJA: Kuku. Tetea wa kienyeji, mwekundu, mkali huyo. Walichanga buku buku, elfu moja moja, wanunue hisa. Wakaambiwa aliye chini ya miaka 18 hafungui akaunti ya hisa mwenyewe, mpaka mzazi au mlezi. Sasa mzazi gani ataweka jina lake kwenye hela ya watoto thelathini wa watu? Wakaona isiwe tabu, wakaenda sokoni wakarudi na kuku.

MWANAIDI: Anakaa wapi?

MASANJA: Nyuma ya jiko la shule. Mpishi anamtupia pumba na makoko ya ugali. Na yai likitoka, mpishi huyohuyo analinunua. Wana daftari, Mwanaidi. Tarehe, idadi ya mayai, bei, sahihi za mashahidi wawili. Na juu ya safu wameandika kwa wino mwekundu: GAWIO, kama faida wanayogawiwa wenye hisa.

MWANAIDI: Nakijua kikoba cha wamama wazima hakina daftari hilo.

MASANJA: Nimefika, nimesimama ubaoni, nimeandika "Hisa ni nini?" Mkono juu. Binti wa kidato cha nne. "Shikamoo mjomba, samahani, kuku ameacha kutaga, ameanza kuatamia. Mimi Novemba nafanya mtihani naondoka. Vifaranga vitanikuta wapi?"

MWANAIDI: Weee!

MASANJA: Darasa likapasuka vipande viwili. Form Four wanataka kuku auzwe, wagawane. Form Three wanasema aachwe atotoe, kuku kumi si sawa na kuku mmoja.

MWANAIDI: Kaatamia mangapi?

MASANJA: Kumi na moja. Siku 21, kama hakuna viza.

MWANAIDI: Viza halikosi. Lakini huyo binti kauliza swali zuri kuliko somo lako lote. Klabu ya shule kila mwaka inapoteza wanachama, hilo si ajali, ni ratiba. Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulioanza 2005, bei ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Unachukua mali yote, unatoa madeni, unagawa kwa idadi ya vipande. Anayetaka kutoka anauza vyake kwa bei inayotokana na hesabu hiyo, anaondoka. Hasubiri kuku atotoe.

MASANJA: Haya, piga hesabu. Kuku tuseme elfu ishirini na tano. Mayai?

MWANAIDI: Yai ni yai. Bei ya dukani.

MASANJA: Yai la siku ya kumi na tano? Nani atalikaanga hilo?

MWANAIDI: Astaghfirullah.

MASANJA: Kwa mpishi ni sifuri, kwa mfugaji ni kifaranga. Ndicho tulichobishania saa nzima. Mmoja akasema yai lihesabiwe nusu kifaranga. Mwingine akauliza nusu ipi.

MWANAIDI: Sasa Msukuma kuambiwa akadirie mifugo, hapo umefika kwenu.

MASANJA: Mzaramo wewe ungeshamchezea ngoma huyo kuku, saa hizi yuko kwenye pilau.

MWANAIDI: Na ungekula. Lakini turudi, mtani. Mimi hela ya kweli mikononi mwa watoto siitaki. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina shindano la wanafunzi tangu 2014, wanapewa mtaji wa kwenye mfumo tu, wananunua na kuuza kwa bei za sokoni. Wajifunzie hapo. Buku kwa mtoto wa daladala, nauli mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, ni siku mbili na nusu anatembea kwa mguu.

MASANJA: Hela isiyo yako haiumi. Mtoto akipewa mtaji wa mchezo anaurusha wote kwenye kampuni moja, akipoteza anacheka. Walionunua hisa za Vodacom 2017 kwa shilingi 850, bei ikashuka, ndio leo wanaosoma taarifa za fedha.

MWANAIDI: Hao ni watu wazima na mishahara yao. Na kama maumivu yanafundisha, DECI, ule upatu, ilifundisha nini? "Panda mbegu," 2009 ikaanguka na hela za watu, za kweli kabisa. Imepita hiyo, upatu mwingine ukaja, watu walewale foleni.

MASANJA: DECI nani alikuwa anaona daftari? Hawa kila mmoja analiona.

MWANAIDI: Daftari analo nani?

MASANJA: Mwalimu mlezi.

MWANAIDI: Akihamishwa?

MASANJA: Atakuja mwingine.

MWANAIDI: Na mzazi akija getini anadai buku ya mwanawe?

MASANJA: Atapewa thamani ya siku hiyo.

MWANAIDI: Thamani ipi, wakati mmeshindwa kukadiria yai!

MASANJA: Tumeshindwa sisi. Wao Ijumaa wanapiga kura.

MWANAIDI: Sikubali.

MASANJA: Usikubali. Mimi nimewachangia mahindi.

MWANAIDI: ... Umewachangia, au umenunua hisa?

MASANJA: Tuendelee na mada.

MWANAIDI: Mada gani? Fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Hatifungani hatuzigusi leo. Hisa wiki ijayo, Mungu akipenda. Mzazi unayesikiliza, upo Mfuko wa Watoto, wa UTT pia, tangu 2008. Unamwekea mwanao wewe mwenyewe, kwa jina linalojulikana. Na hao wa klabu wakianza kukopeshana, hiyo tayari ni huduma ndogo ya fedha, kuna sheria ya 2018, waulize halmashauri kabla...

MASANJA: Subiri, mpwa wangu kaandika. Mpishi anataka kuwa mwanachama.

MWANAIDI: Mpishi?

MASANJA: Anadai ndiye anayemlisha, apewe fungu.

MWANAIDI: Anamlisha kwa pumba za nani?

MASANJA: Za shule.

MWANAIDI: Basi mwenye fungu ni shule.

MASANJA: Mtani, usimpe mkuu wa shule wazo hilo, anasikiliza...

[Muziki]